Sura ya Sita: Njia ya Uji

Msafiri atokaye Thika kwenda Garissa, akiisha kuupita mji wa Matuu, ambako maji ya mfereji wa Yatta huifanya ardhi istawi hata katika miezi ya kiangazi, huiona nchi ikijivua ukijani wake kidogo kidogo, miembe ikipungua na migunga ikizidi, hata akafika Kithyoko, soko la upande wa Masinga lililo pembeni mwa kaunti ya Machakos, mahali ambapo mvua ni mgeni asiyetuma salamu kabla ya kuja. Wenyeji wa hapo ni Wakamba, watu wa ndengu na mbaazi, wa mbuzi na asali, na chakula chao cha heshima ni muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa hata yakaachana na maganda yake, kisha yakatokoswa pamoja na maharagwe au kunde juu ya moto wa kuni kwa saa nyingi. Chakula hicho hakina haja ya sifa zangu. Nakitaja kwa sababu katika nyumba nyingi za upande huo muthokoi ndio mizani ya kwanza ya koo, na koo likianza kuharibika, aghalabu muthokoi ndio huleta habari kabla ya tabibu yeyote.

Mtu nitakayemweleza katika sura hii sikumtoa katika daftari la hospitali yoyote. Nimemtunga kwa makusudi kutokana na mambo ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya umio huyapitia, ili msomaji apate mwenzi wa kufuatana naye njiani, na tumwite Mzee, kwani hilo ndilo jina ambalo hata daktari atamwitia. Mzee huyu ametimiza miaka 60, ana mbuzi wachache na shamba la ndengu, na tangu ujana wake amekuwa akinywa chai ingali inafuka, na kunusa tumbaku akiisha kazi. Jioni moja punje ya muthokoi ikamkwama nyuma ya kidari. Akaiteremshia maji, ikashuka, akacheka, na waliokuwapo wakacheka pamoja naye. Baada ya majuma machache mambo yakarudi, mara hii kwa tonge la ugali, na maji nayo yakapanda juu badala ya kushuka. Mkewe akaanza kumpondea viazi, kisha akamchujia mchuzi, kisha akamkorogea uji, kwanza mzito, halafu mwepesi, halafu mwepesi zaidi, hata ukafanana na maji yaliyotiwa rangi. Majirani, kila mmoja kwa hekima yake, wakataja mwiba wa samaki wa bwawa la Masinga, wakataja vidonda vya tumbo, wakataja na jicho la hasidi. Na dawa za kila namna zikapita katika koo lile maadamu lilikuwa bado na nafasi ya kupitisha dawa.

Njaa Mzee aliweza kuistahimili, kwani mtu wa nchi kame huijua njaa tangu utotoni. Aibu ndiyo iliyomshinda. Tonge likikwama humpasa mlaji ainuke mbele ya wenziwe, aende nyuma ya nyumba, alitapike lilivyo, halijaguswa na tumbo, kisha arudi akiwa na machozi machoni; na mtu mzima hawezi kuyafanya hayo mara nyingi asianze kutafuta visingizio. Mzee akawa anakula peke yake, akaacha kwenda arusini, akaacha kwenda matangani, kwa maana huko kote mtu hukaribishwa sahani, na akiikataa huulizwa sababu. Mwisho wa yote hata mate yake mwenyewe yakakataa kushuka, akawa haendi mahali pasipo kopo la kutemea. Usiku hulala ameketi, kopo li ubavuni, asije akasongwa na mate usingizini. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, wakimaanisha kwamba haja ya mgonjwa ni dhahiri, basi apikiwe na apewe pasipo maswali. Lakini methali hiyo ilitungwa na watu waliodhani kwamba uji ukiisha kufika kinywani, njia ya kwenda tumboni imekwisha kupatikana.

Matabibu nao wana ngazi yao ya kuyapimia maradhi haya, na hesabu yake ni nyepesi kuelezwa: sifuri ni mtu alaye kila kitu kama desturi, 1 ni yule ambaye vyakula vigumu humkwama baadhi ya nyakati, 2 ni yule aliyebakia na vyakula vilaini, 3 ni yule asiyeweza ila vitu vya majimaji, na 4 ni yule ambaye hata mate hayampiti. Mke wa Mzee hakuwahi kuisoma ngazi hiyo, ila aliipanda yote kwa sufuria zake, kutoka muthokoi hadi ugali, kutoka ugali hadi uji, kutoka uji hadi kopo, na kama daktari angemwuliza angeweza kumtajia kila kidato na mwezi wake.

Umio, ambao ndio njia ya chakula, ni mfereji wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25 kwa mtu mzima, uliopita nyuma ya koromeo la pumzi na mbele ya uti wa mgongo, ukiunganisha koo na tumbo. Mwenyezi Mungu ameuumba uwe mwepesi wa kutanuka, na fadhila hiyo ndiyo inayogeuka kuwa hila ya ugonjwa, maana saratani ikiota katika ukuta wake, umio hujitanua na kuendelea na kazi, mwenyewe asijue lolote, mpaka siku ambayo sehemu kubwa ya nafasi imekwisha kuzibwa. Tena umio, tofauti na viungo vingine vya njia ya chakula, hauna ile ngozi nyembamba ya nje ambayo huuzuia uvimbe kwa muda, kwa hiyo saratani hupenya mapema kwenda kwenye tezi za kifuani na kwenye koromeo la pumzi. Alhasili, mgonjwa anapokuja kulalamika kwamba chakula kinamkwama, aghalabu wakati wa kupasua na kuuondoa uvimbe wote umekwisha kupita. Na hilo si kosa la mkewe wala la majirani, ijapokuwa majuma yaliyopotezwa kwa mizizi na vidonge vya tumbo hayasaidii kitu.

Maradhi haya yana nchi zake. Kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda na Tanzania, hadi Malawi na pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, kuna ukanda ambamo saratani ya umio huonekana kwa wingi usiolingana na sehemu nyingine za bara hili, na tangu miaka ya 1960 madaktari waliofanya kazi Kisumu na magharibi ya Kenya wamekuwa wakiandika mintarafu ya wingi huo. La kutisha zaidi ni umri wa wagonjwa: katika mwaka 2010 madaktari wa hospitali ya Tenwek, iliyo karibu na Bomet, walichapisha habari za wagonjwa 109 wa saratani hii waliokuwa na miaka 30 au chini yake, na hali katika nchi za Ulaya ugonjwa huu huhesabiwa kuwa wa wazee. Sababu zinazotajwa ni nyingi: tumbaku ya kila namna, pombe kali, moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha, uchache wa matunda na mboga, na vinywaji vya moto kupita kiasi, ambavyo taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilivitangaza mwaka 2016 kuwa yamkini huleta saratani vikinywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65. Ukungu wa mahindi nao umeshukiwa. Na watu wa Ukambani hawana haja ya kuelezwa hatari ya mahindi yaliyoharibika, kwani mwaka 2004 sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini iliwaua watu 125 katika sehemu hizo, ingawa sumu ile huliharibu ini, na inayoshukiwa katika umio ni nduguye wa ukungu mwingine. Sababu hizi zote hutenda kazi pamoja na polepole, kwa hiyo sitathubutu kumwambia Mzee kwamba ni chai iliyomdhuru, au tumbaku, au moshi wa jikoni kwa mkewe.

Sasa, ikiwa uvimbe hauwezi kuondolewa, kumebaki nini? Swali hili ni la kale, na jibu lake la kwanza lilikuwa la fundi bomba: pakizibwa, pitisha mrija. Mnamo miaka ya 1880 daktari wa upasuaji wa London, Charters Symonds, aliweka mirija mifupi katika umio za wagonjwa wake, akaifunga kwa uzi uliotoka kinywani na kufungwa sikioni, ili mrija usiteleze ukapotea tumboni. Na msomaji ajaribu kumpima subira mgonjwa wa zama zile, aliyekwenda sokoni na uzi umening'inia shavuni. Mwaka 1924 Mwingereza mmoja, Henry Souttar, akatengeneza mrija wa waya uliosokotwa kama chemchemi, ambao ulipinda bila kuvunjika. Baadaye ikaja mirija ya plastiki na ya mpira: Mousseau na Barbin wa Ufaransa, na Celestin wa Uingereza, walitoa yao katika miaka ya 1950, na Afrika Kusini, ambayo ilikuwa na wagonjwa wengi na fedha chache, ikatoa bomba la Procter na Livingstone, lililosaidia watu wengi katika hospitali zetu za Afrika. Mirija hiyo yote ilikuwa na aibu moja: upana wake haukubadilika, basi ili mrija upite ilipasa umio utanuliwe kwa nguvu mpaka ulingane na mrija, na katika kutanua, mara kwa mara ukuta ulipasuka, na mrija ukiisha kukaa, tundu lake lilikuwa jembamba, ambalo kipande cha nyama kisichotafunwa kililiziba kama gunzi kinywani mwa chupa.

Nusura ilitoka mahali pasipotazamiwa. Katika maabara ya silaha za jeshi la majini la Marekani, mnamo miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960, mafundi walikuwa wakichanganya nikeli na titani, wakapata madini yenye tabia ya ajabu: waya wake ukiumbwa umbo fulani kwa moto, kisha ukabanwa ukafanywa umbo jingine, hukumbuka umbo la kwanza na kulirudia ukipata joto. Madini hayo yaliitwa nitinoli, jina lililofumwa kwa herufi za nikeli, titani na maabara yenyewe. Waya wa namna hiyo ukifumwa kama mtego wa samaki wa mviringo, ukakunjwa ukawa mwembamba kama kalamu, hupitishwa penye uvimbe kwa upole, na ukiachiwa huko, joto la mwili huuamsha, ukajitanua wenyewe, kidogo kidogo, katika muda wa siku moja au mbili, mpaka ukawa na upana wa milimita 18 au zaidi. Hilo ndilo liitwalo stenti. Mwaka 1993 madaktari wa Kijerumani walichapisha ulinganisho wa mabomba ya waya na yale ya plastiki, ikaonekana kwamba yote mawili humwezesha mgonjwa kumeza, lakini ya waya huleta madhara machache zaidi. Na tangu hapo mirija migumu ilianza kustaafu, isipokuwa mahali ambapo bei ya waya haikuwezekana.

Na bei ndiyo ingekuwa mwisho wa hadithi hii kwa watu wa Kithyoko, kama Tenwek isingekuwapo. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1937 kama zahanati ya wamishonari katika vilima vya Bomet, ikakua hata ikawa na mtambo wake wa umeme katika maporomoko ya mto Nyangores, na kwa kuwa wagonjwa wa umio waliijia kwa wingi, madaktari wake, akiwemo daktari wa upasuaji Russell White, walianza mwaka 1999 kuweka stenti za waya. Desturi ya hospitali tajiri ilikuwa kuiweka stenti chini ya mashine ya eksirei inayoonesha picha zikitembea, mashine ambayo hospitali nyingi za Afrika hazina. Wao wakaiweka kwa kutazama kwa endoskopi, yaani kamera ipitishwayo kinywani, peke yake, wakachapisha mwaka 2001 namna ya kufanya hivyo. Mwaka 2009, katika jarida la saratani la Lancet, wakatoa hesabu ya miaka yao tisa: stenti 1000 zilizowekwa kwa wagonjwa zaidi ya 900, na kwa wale walioweza kufuatiliwa, nusu waliishi zaidi ya siku 250 baada ya kuwekewa. Msomaji wa mbali huenda akaidharau hesabu hiyo. Lakini siku 250 ni mvua mbili katika nchi ya Kithyoko, ni kupanda ndengu na kuzivuna, ni mtoto aliyekuwa darasa la saba kuingia la nane. Na muradi wa hesabu ile ni kwamba siku hizo watu walizipitisha wakila.

Basi tumfuate Mzee. Mwanawe amempandisha matatu alfajiri, kutoka Kithyoko hadi Thika, kutoka Thika hadi Nairobi, na kutoka huko popote penye mkono ulioizoea kazi hii, iwe hospitali kuu za mji mkuu au mbali zaidi hadi Bomet. Na kopo lake limo ndani ya mfuko wa karatasi magotini. Hakula wala hakunywa tangu jana, sharti ambalo kwake halikuwa geni. Kabla ya lolote daktari anaketi karibu naye, asizungumze akiwa amesimama, na maneno yake yanapasa kuwa machache na ya kweli.

"Mzee wangu," anamwambia, "bomba hili haliuondoi uvimbe. Linaishika njia wazi ili chakula kipite. Uvimbe utabaki hapo, na siku moja utatushinda."

"Nitakunywa uji?" anauliza Mzee.

"Leo maji. Kesho uji. Majuma yajayo utakula na wenzio."

Mwanawe, aliyeuza mbuzi watatu kwa ajili ya nauli na malipo, anataka kuuliza jambo jingine, lakini baba yake amekwisha kuanza kuvua koti. Mimi naona kwamba katika maneno hayo machache kazi nusu imekwisha kutendeka, kwa maana mgonjwa asiyeambiwa ukweli huutarajia mrija uwe ponyo, na mwezi wa nne, uvimbe unapoanza kumla kwingine, hujiona amedanganywa na waya na waganga kwa pamoja.

Koo lake hunyunyiziwa dawa ya ganzi, naye hutiwa usingizi mwepesi kwa sindano, hulazwa kwa ubavu wa kushoto, na kinywani huwekwa kipete cha plastiki ili asiume kamba ya endoskopi, ambayo ni mpira mweusi mrefu, unene wake kama kidole kidogo, wenye taa na kamera mwishoni. Daktari huipitisha nyuma ya ulimi, huingia umioni, na kwenye kioo huonekana ukuta laini wa rangi ya waridi, halafu ghafula uvimbe: mbavu za nyama zilizochanika, zinazovuja damu zikiguswa, na katikati tundu dogo kama la sindano ya kushonea magunia. Ikiwa kamba haipiti, waya mwembamba wenye ncha laini hupitishwa kwanza, na juu ya waya huo hutiwa vijiti vya plastiki, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinene kuliko kilichokitangulia, kwa pole na kwa hadhari, mpaka njia itanuke kiasi cha kupitisha kamera. Ndipo hupimwa, kwa sentimita kutoka kwenye meno ya mbele, mahali uvimbe unapoanzia na unapokomea, na kutokana na vipimo hivyo huchaguliwa stenti yenye urefu wa kuupita uvimbe kwa takriban sentimita mbili juu na mbili chini. Maana bomba likiwa fupi, uvimbe hulipanda kichwani ukaliziba.

Stenti iliyokunjwa na kufungwa kwa uzi hutiwa juu ya waya, husukumwa mpaka ifike mahali pake, na kamera huingizwa kando yake ili kulitazama jambo. Msaidizi huuvuta uzi. Mafundo hufunguka moja moja, na waya uliokuwa umebanwa huanza kufumbuka kama ua, ukijisukuma dhidi ya uvimbe pande zote. Na katikati yake, ambapo muda mfupi uliopita hapakuwa na nafasi ya punje, huonekana giza la mfereji ulio wazi. Stenti nyingi huvikwa utando mwembamba ili nyama isiote kupitia macho ya wavu, na utando huo una fadhila ya pili: saratani ikiwa imetoboa ukuta baina ya umio na koromeo la pumzi, jambo ambalo humfanya mgonjwa akohoe kila anapomeza, kwa kuwa chakula chake kinaingia mapafuni, bomba lenye utando huliziba tundu hilo. Kazi yote huweza kumalizika kabla ya chai ya saa nne kupoa. Mzee akiamka, jambo la kwanza analolitafuta kwa mkono ni kopo, na jambo la pili analogundua, akikaa kulitafuta, ni kwamba mate yake yamekwenda yenyewe.

Sitaki nionekane nimeifanya kazi hii kuwa ya malaika. Siku za kwanza kifua huuma, wakati mwingine sana, kwa kuwa waya unajitanua. Bomba huweza kuteleza likashuka tumboni. Ukuta huweza kutoboka au kuvuja damu. Uvimbe huweza kuotea juu au chini ya stenti miezi ikiisha kupita, na likawekwa bomba la pili ndani ya la kwanza. Bomba likiwa limekaa chini, mlangoni mwa tumbo, asidi hupanda juu, ikampasa mgonjwa ainue kichwa cha kitanda chake na asile karibu na kulala. Na chakula chenyewe kina adabu mpya: tafuna mpaka kuwe hakuna cha kutafuna, kunywa maji kati ya matonge, usimeze mkate mkavu wala nyama yenye nyuzi, keti wima, na ukihisi limekwama usilazimishe kwa ugali mwingine. Kwa mke wa Mzee, aliyekuwa mwenye kupima vidato kwa sufuria, maagizo hayo hayakuwa mageni. Aliyasikiliza na kuyageuza kuwa mapishi: muthokoi utatokoswa mara mbili kisha upondwe, ndengu zichujwe maganda, nyama isagwe.

Wapo wasemao kwamba haya yote yangewezekana kwa njia rahisi, yaani kumtoboa mgonjwa tumbo na kumtia mpira ambao uji humiminwa humo moja kwa moja, na kweli njia hiyo yafaa kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wale wanaongojea tiba nyingine. Mpira wa tumbo hulilisha tumbo. Lakini mwenye mpira huo hubaki na kopo lake, hubaki na mate yake, na hubaki peke yake nyuma ya nyumba wakati wenziwe wanakula, kwa maana hakuna mtu atakayejimiminia uji tumboni katikati ya arusi. Mionzi nayo, ya nje au ile ya ndani inayotiwa karibu na uvimbe, hupunguza uvimbe, na imeonekana kwamba matokeo yake hudumu zaidi, ila huchukua majuma kabla ya kumwezesha mtu kumeza, na mashine zake ni chache. Stenti hufungua njia siku ile ile, au kesho yake, na kwa mgonjwa aliyekuwa akitema mate usiku mzima, tofauti baina ya kesho na majuma sita si tofauti ndogo.

Mimi husema kwamba kazi ya bomba hili imekosewa hesabu tangu mwanzo, kwa sababu imewekwa kwenye daftari la kushindwa. Tabibu aliyeshindwa kuuondoa uvimbe huandika kwamba amefanya shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa mateso bila kumponya, na neno hilo huonekana kama zawadi ya mwisho apewayo aliyekosa. Walakini, mtu mwenye maradhi yasiyopona ana haja zake timamu, na haja ya kwanza ya Mzee, aliyoitamka kwa maneno mawili kabla ya kuvua koti, ilikuwa uji. Na haja hiyo ilitimizwa kikamilifu, si kwa nusu wala kwa kubahatisha. Tiba inayokidhi haja iliyoombwa haistahili kuitwa ya pili. Iliyobakia ni kwamba haja hiyo isiwe ya mwenye mbuzi watatu wa kuuza tu: muungano wa watafiti wa saratani ya umio barani Afrika umekuwa ukishughulikia kupatikana kwa stenti kwa bei nafuu katika nchi kama Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia, na kufundisha mikono mingi zaidi kuziweka; kwa maana stenti iliyomo katika ghala la mjini ni ya faida ndogo kwa mtu ambaye, kabla ya kuifikia, lazima apitie stendi tatu akiwa na kopo magotini.

Na kazi nyingine haina waya wala kamera: ni kumfanya mwenye muthokoi uliokwama asingoje uji ukatae. Mtu anayekwamwa na chakula mara mbili au tatu kwa juma, awe na miaka 60 au 25, aende kutazamwa umio wake, na mganga yeyote atakayemwuzia dawa ya vidonda vya tumbo bila kumwuliza anakwamwa na nini ameiba wakati asioweza kuurudisha.

Mzee alirejea Kithyoko siku ya tatu. Kopo lilibaki kwenye mfuko wake wa karatasi, na mjukuu wake akalichukua kupimia ndengu, baada ya bibi yake kulichemsha mara mbili. Jioni ile watu wa nyumbani walikaa kwenye jamvi moja kama zamani, na mkewe akamletea bakuli ya uji mwepesi, aliouzoea kumkorogea kwa miezi mingi. Mgonjwa haulizwi uji. Lakini yeye alimwuliza, kwa sababu ilikuwa zamani sana tangu swali hilo liwe na maana.

"Nikuongezee?"

Mzee alimeza, akangoja, akalisikiliza koo lake kwa muda kama mtu anayesikiliza mlango.

"Ongeza unga," akasema.